Hesabu ya Watoto wa Mwalimu

Mimi ni mwoga. Nianze na hilo, ili asije mtu akanidai ushujaa huko mbele. Naogopa ng'ombe mwenye pembe zilizotazama mbele, naogopa simu inayolia alfajiri, na zaidi ya vyote naogopa kusimama mbele ya watu wanaonitazama wakingoja niseme. Mume wangu hudai kwamba nikikikuta kivuli changu mahali nisipokitarajia, nakiamkia shikamoo. Ananitania, ila si sana.

Sasa huyu mwoga ndiye aliyepewa kipaza sauti siku ya kumzika Mwalimu.

Mwalimu ndiye mama aliyenifundisha darasa la nne, kule juu ambako mashamba ya Karatu yanaishia na msitu wa Ngorongoro unaanzia. Siku yangu ya kwanza kusoma kwa sauti darasani nilitetemeka mpaka kitabu kikaanguka, na wenzangu wakacheka hadi kengele. Hakunichapa wala hakunibembeleza. Jioni alinipeleka zizini kwake, akaniambia nimsomee ndama. Nilimsomea ndama yule wiki tatu. Alikuwa msikilizaji mzuri, isipokuwa alikula ukurasa mmoja.

Alipostaafu, Mwalimu aliandika vitabu viwili vyembamba vya hadithi za watoto, na shule za huku zilivisoma mpaka vikachakaa. Lakini kilichomfanya apendwe kuanzia Endabash hadi Kansay hakikuwa vitabu hivyo. Zilikuwa wasifu za marehemu.

Kwetu mtu hazikwi kimya kimya. Kabla jeneza halijashushwa, mtu husimama na karatasi akasoma maisha ya aliyelala: alizaliwa wapi, alisoma wapi, aliolewa na nani, aliugua nini, ameacha watoto wangapi na wajukuu wangapi. Zote zinafanana. Watu husikiliza huku wakichezea simu, wakingoja ile idadi ya mwisho, kwa sababu kutokana nayo ndipo wanajulikana watakaosimama kaburini na kutupa udongo kwanza. Mwalimu alikataa kuandika hivyo. Alikwenda kwenye msiba, akakaa na wafiwa siku nzima, akauliza maswali ya ajabu. Kuhusu mzee mmoja wa jirani aliandika kwamba kila msimu alionja udongo kwa ulimi kabla ya kupanda, na usipomridhisha alitema mate, akarudi kulala, na mkewe akapanda bila yeye. Mjane alicheka mbele ya jeneza, kisha akalia kuliko alivyolia wiki nzima. Watu walianza kwenda kwenye mazishi ya watu wasiowajua, ili tu wasikie Mwalimu amesema nini.

Mimi nilikuwa mchapaji wake. Nina kaduka ka steshenari Karatu mjini, karibu na stendi: kuchapa, kutoa kopi, kupiga picha za pasipoti. Yeye aliandika kwa kalamu kwenye kaunta buku, mimi nikachapa, kisha nikampelekea. Hapo ndipo ilipoanza kazi yenyewe, na ilikuwa na utaratibu wake ambao sijauona kwa mwandishi mwingine yeyote. Aliwaita akina mama wa jirani jikoni, akawawekea gunia la mahindi wapukuchue, na mimi nikasimama mlangoni nikasoma. Yeye alikaa kwenye kigoda, amefumba macho. Hakuwa akinisikiliza mimi. Alikuwa akisikiliza mikono.

"Mikono ikiendelea kupukuchua, unapamba," aliniambia. "Watu hawaachi kazi kwa sababu ya mapambo. Mikono husimama mahali pawili tu, penye kweli na penye uongo. Ikisimama, niangalie usoni, nitakuambia ni kipi."

Nilisoma hivyo kwa miaka kumi na moja. Sikuwahi kuacha kutetemeka.

Mwaka jana mwanzoni moyo wake ulichoka. Madaktari walimrudisha nyumbani, akalala chumba chenye dirisha linalotazama msitu. Mchana mmoja nilikwenda kumwona. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mahindi, na ndani ya ukungu ule tembo waliingia shamba la jirani. Huwezi kuwaona. Unasikia mabua yakivunjika, mbwa wakilia badala ya kubweka, na vijana wakigonga madebe. Mabua yale yalikuwa yakivunjika karibu zaidi kila mara. Nilikwenda kufunga dirisha, nikaogopa kulikaribia, nikarudi. Mwalimu alikuwa akinicheka kutoka kitandani.

"Kaa chini, mwanangu. Nina jambo la kukutisha kuliko tembo."

Nikakaa. Akanisimulia polepole, akipumzika kila baada ya sentensi mbili.

Zamani, alisema, kwetu Wairaqw msichana aliyepata mimba kabla ya kuolewa hakuruhusiwa kuzaa katika ardhi ya baba yake. Waliamini kwamba akizaa pale mvua itakataa, na mifugo itakufa. Haikuwa chuki, ulikuwa woga. Naye Mwalimu yalimkuta: mama yake alimpenda, na mama yake huyo huyo ndiye aliyemfungia nguo. Alivushwa mpaka wa mashamba akiwa na miaka kumi na sita, akapitishwa msituni hadi upande wa pili, kwenye boma la Wamasai ambao baba yake alikuwa akibadilishana nao nafaka na ng'ombe. Huko alizaa mtoto wa kike. Mwanamke wa boma lile hakuwa na mtoto, na mtoto wa nje hakuweza kurudi, basi Mwalimu akamwachia mtoto, akarudi peke yake. Akatakaswa, akapelekwa shule ya misheni, akawa mwalimu, akaolewa, akazaa watano ninaowajua mimi.

"Na yule?" niliuliza.

"Unamjua. Ni mama wa samli."

Nilimjua, ndiyo. Kila mtu wa nyumba ile alimjua. Mwanamke mrefu wa Kimasai aliyeshuka Karatu siku za mnada na kibuyu cha samli, na Mwalimu alinunua kwake tu, hata kama ya wengine ilikuwa nzuri zaidi. Walisimama pamoja kwa muda mrefu pale mnadani, kama mteja na muuzaji wasioelewana. Mimi nilidhani Mwalimu anapenda kubishana bei. Kumbe kila mnada alikuwa anamwona mwanawe, na mwanawe alijua. Watoto wake watano walikula ugali na mboga zilizoungwa kwa samli ya dada yao, na hakuna aliyejua.

"Siku ukiandika wasifu wangu," alisema, "uwahesabu wote."

Nilimuuliza kama watoto wake wanajua. Hawajui, alisema. Mumewe alijua, naye alikwenda nalo kaburini. Nikamuuliza, kwa hasira kidogo, maana hofu kwangu hutoka kwa mlango wa hasira: mbona hakuwaambia mwenyewe, yeye aliyesema kweli za watu wote wa wilaya hii?

"Niliandika kweli za watu, ya kwangu ikanishinda. Ulifikiri mwoga ni wewe peke yako?"

"Basi tafuta mtu jasiri, Mwalimu. Mimi siwezi."

"Jasiri atalisema vibaya," alisema. "Atalitupa kama jiwe." Akaniandikia namba ya simu ya mama wa samli nyuma ya bahasha ya dawa, akageukia ukutani, akalala. Nje madebe yalikuwa bado yakilia.

Alifariki wiki tano baadaye, siku ya Jumanne. Nilipofika, maturubai yalikuwa yameshafungwa na kamati ya mazishi imekaa. Mwenyekiti wa kila kitu alikuwa mwanawe mkubwa, mtu wa kimo na kifua, ambaye miaka yote amekuwa akiendesha watalii kwenda kreta na amezoea kusema kitu mara moja tu. Aliniita pembeni. Macho yake yalikuwa mekundu, sauti imekauka.

"Dada, wasifu uandike wewe na uusome wewe. Yeye angetaka hivyo. Ukurasa mmoja, tafadhali, na usiuzungushe. Watoto tuko watano, wajukuu kumi na wanne. Majina nitakutumia kwenye simu."

Nikasema sawa, kaka. Ningesema nini? Mtu amefiwa na mama yake, anakupa idadi, nawe una namba nyingine kwenye pochi, nyuma ya bahasha ya dawa.

Jioni ile, kabla jua halijazama, nilipiga ile namba kutoka dukani huku mlango umefungwa. Alipokea mwenyewe. Nyuma yake nilisikia kengele za ng'ombe zikirudi bomani. Nilimwamkia, nikasema mimi ni mwanafunzi wa Mwalimu, nikamwambia Mwalimu amefariki. Hakulia. Kengele ziliendelea, zikapungua, nikadhani simu imekatika.

"Mnazika lini?"

"Ijumaa, mama."

"Nitakuja." Kisha akauliza kwa Kiswahili chake cha taratibu, kila neno likiwekwa peke yake. "Nitasimama wapi?"

Mtu asiyejua misiba yetu anaweza kudhani ni swali dogo. Lakini pale kaburini kila mtu ana mahali pake na huitwa kwa zamu: watoto, wajukuu, ndugu, wakwe, majirani, walimu, wanakwaya. Anayesimama na majirani ni jirani mpaka mwisho wa dunia. Huyu mama alikuwa na karibu miaka sitini, na kwa mama yake mzazi alikuwa muuza samli tu. Ilibaki nafasi moja tu ya kuwa kitu kingine, nayo ilikuwa Ijumaa.

"Utasimama na watoto," nilisema.

Lilinitoka kabla sijafikiri. Nilipokata simu, nilikaa chini kati ya mashine ya kopi na boksi la karatasi.

Alhamisi nilifanya kama Mwalimu alivyofanya miaka yote. Nyuma ya nyumba akina mama walikuwa wakichambua maharage na mchele wa msibani, nyungo zimejipanga kuzunguka moto. Nilisimama mlangoni na karatasi yangu. Niliandika watano. Nilijiambia kwamba najaribu tu, kwamba nataka kusikia sentensi inavyokaa. Huo ni uongo wa waandishi, na mimi nilikuwa nimeujifunza vizuri.

Nilisoma habari ya ndama aliyekula ukurasa, mikono ikasimama, mtu akacheka, mikono ikaendelea. Nilisoma jinsi alivyokuwa akisahihisha madaftari huku akikamua, ndiyo maana yalinuka maziwa. Ikasimama tena. Kisha nikafika: ameacha watoto watano.

Wasichana waliendelea kuchambua. Mikono ya vikongwe wawili waliokaa karibu na moto ilisimama, nyungo zikiwa zimeinuliwa nusu. Mmoja wao, aliyekuwa shoga yake Mwalimu tangu utoto, alisema bila kuinua kichwa, "Rudia hapo."

"Ameacha watoto watano."

"Rudia tena."

Sikurudia. Niliwafukuza wasichana kwa kisingizio cha maji, nikachuchumaa mbele yao. Yule bibi alinitazama, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba siku ile Mwalimu alipovushwa, wasichana wanne wa rika lake walimsindikiza mpaka mwisho wa mashamba, wakimbebea mkeka. Waliobaki hai ni wao wawili. Siri ya mtungi aijuaye kata, alisema. Walijua kuhusu samli tangu kibuyu cha kwanza.

Nilifurahi jinsi ambavyo sijawahi kufurahi. "Basi bibi, semeni nyinyi! Nyinyi ndio mashahidi. Watu wazima, watawaheshimu."

"Sisi tunaogopa," alisema, bila aibu hata chembe. "Mvua imechelewa, unaona mwenyewe. Tukilitaja lile jambo na isiponyesha, wazee watasema ni sisi tuliolifukua. Wewe una karatasi. Mwenye karatasi haulizwi."

Mwenye karatasi haulizwi! Niliondoka pale nimekasirika. Mwalimu aliogopa akanirushia mimi, mashoga zake waliogopa wakanirushia mimi, nami sikuwa na wa kumrushia. Waswahili walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Maisha yangu yote nimeishi kwa methali hiyo, na haijawahi kunidhuru. Usiku ule, hata hivyo, nilichapa upya sentensi moja. Niliandika sita, nikaikunja karatasi mara nne.

Ijumaa watu walikuwa wengi kuliko viti. Wanafunzi wake walikuja, wengine na mvi zao. Yalikuja magari ya watalii yasiyo na watalii, maana madereva wenzake wa kaka mkubwa walikuja na magari ya kazini. Vumbi jekundu lilitanda mpaka kwenye maua. Nilikuwa nikiangalia barabara ya juu, na nilijikuta nikiomba, Mungu anisamehe, kwamba gari lake liharibike.

Halikuharibika. Aliingia akiwa na shuka jekundu na lingine la bluu, shanga zote za heshima, na kibuyu begani. Hakuna aliyemshangaa. Kaka mkubwa mwenyewe alimwona, akamwambia mtu, "Mpeni mama wa samli kiti." Akapewa kiti kule mwisho kwenye mikaratusi, pamoja na watu wa sokoni. Alikaa, akanitafuta kwa macho, akanipata.

Baada ya misa niliitwa. Sijui nilifikaje mbele. Nakumbuka kipaza sauti kilikuwa na joto la mkono wa mwingine, na nilisikia pumzi yangu ikitoka kwenye spika zilizofungwa mtini, kama mnyama aliyejificha huko juu. Nilianza. Walicheka palipostahili, walilia palipostahili. Katekista alikuwa akitikisa kichwa. Ulimi uliniwia mwepesi kidogo, nikathubutu kuinua macho.

Mbele yangu walikaa wale watano, nguo nyeusi, wameshikana mikono. Pembeni yao wazee, na mmoja wao, mkali kuliko wote, amekaza kidevu juu ya fimbo yake. Kule mwisho mama wa samli alikuwa ameshasimama. Alikuwa ameweka kibuyu chini na kunyoosha shuka lake, amejiandaa kuitwa.

Nikasoma: "Ameacha watoto na wajukuu wanaomlilia."

Basi. Hakuna aliyegundua. Lilikuwa hata na mdundo mzuri. Sikusema watano, sikusema sita, sikudanganya. Nilipamba. Nilirudi kukaa, mtu akanipapasa mgongo, akasema umesoma vizuri sana dada, na nilihisi nafuu, nafuu tamu kabisa, hilo silifichi.

Jeneza lilishushwa. MC alifuata karatasi yake ya ratiba: "Watoto wa marehemu, wote watano, sogeeni." Walisogea. Nilisikia udongo wao ukigonga ubao, mara tano. Nilipogeuka, kiti cha kwenye mikaratusi kilikuwa kitupu. Vijana walishika makoleo wakaanza kufukia.

Nilimkimbilia. Viatu vya msibani si vya kukimbilia, nilivivua. Nilimkuta kwenye njia ya juu, anakwenda kwa mwendo ule ule wa taratibu, kibuyu begani.

"Mama, samahani. Mama, nisamehe."

Alisimama. Hakuwa amekasirika, na hilo lilinitisha zaidi. "Uliniambia nitasimama na watoto."

"Niliogopa."

Akanitazama kwa muda, kama anayetaka kuhakikisha kwamba nimesema nilichosema.

"Mimi pia niliogopa," akasema. "Nilikuja hivyo hivyo."

Nilimwambia asiondoke. Sikumshika mkono, niliona sina haki hiyo. Niligeuka nikakimbia kurudi, peku, nikijua kwamba nikitembea nitafikiri, na nikifikiri sitafika. MC alikuwa anaita waweka mashada wa parokia. Nilimpokonya kipaza sauti. Kikapiga kelele, watu wakaziba masikio.

"Nimekosea kusoma," nilisema. Sauti ilitoka nyembamba, ya mtoto wa darasa la nne. "Kuna hesabu nimeiruka. Mwalimu alizaa watoto sita. Wa kwanza alimzaa ng'ambo ya msitu akiwa msichana, akamwacha kule kwa sababu hakuruhusiwa kurudi naye. Hakumwacha moyoni. Aliniagiza mwenyewe, kwa mdomo wake, niwahesabu wote. Mtoto huyo yuko hapa, na nimemfukuza kwa woga wangu."

Makoleo yalisimama.

Niliyasikia yakisimama kabla sijayaona. Vijana sita, na kijana mmoja alikuwa ameinua koleo lenye udongo, akabaki nalo hewani, udongo ukidondoka punje punje pembeni. Kwa miaka kumi na moja nilisoma nikimwangalia mtu usoni ili aniambie ni kweli au ni uongo. Sasa alikuwa chini ya udongo ule, na hakuna aliyeniambia.

Mzee wa fimbo alikohoa, akasema maneno kwa Kiiraqw ambayo sitayaandika. Ndipo yule bibi shoga yake aliposimama kati ya wanawake, amejishika kiuno. "Ni kweli," alisema. "Tulimbebea mkeka sisi." Akakaa haraka, kama aliyeungua.

Kaka mkubwa alikuwa anakuja kwangu. Nilijua atanipiga. Nilifumba macho, nikangoja. Nilipoyafumbua alikuwa amesimama hatua mbili mbele yangu, lakini hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama njia ya juu, ambako mwanamke mrefu mwenye mashuka mawili alikuwa amesimama pale pale nilipomwacha.

"Mama wa samli?" aliuliza, kwa sauti ndogo isiyofanana naye. Nafikiri alikuwa anazihesabu siku za mnada, alizompeleka mama yake kwa gari na kumngoja akilalamika kwamba anachelewa.

Kisha akawageukia vijana. "Mpisheni."

Mama wa samli alishuka. Watu walimpisha kwa upana zaidi ya alivyohitaji, wengine kwa heshima, wengine kwa kuogopa asiwaguse. Hakupokea koleo alilopewa. Aliinama, akachota udongo kwa mkono, akaufungua mkono juu ya kaburi. "Yeyo," aliita, kama Wamasai wanavyomwita mama. Alimwita mara moja tu.

Yapo mambo ningependa kuyamaliza vizuri na siwezi. Mvua haikunyesha siku ile wala wiki iliyofuata. Ilikuja ilipotaka, na mzee wa fimbo hajaitikia salamu yangu mpaka leo. Kaka mkubwa hunisalimia kwa kichwa tu, kutoka kwenye gari. Nasikia amekwenda mara mbili kwenye boma la dada yake, lakini hakunisimulia mimi. Watu wameanza kuniletea wasifu za marehemu wao, nami nawasomea akina mama jikoni, wakipukuchua, na bado natetemeka.

Watu huniambia nilikuwa shujaa. Nawaacha waseme. Wao hawakusimama karibu na kaburi kama nilivyosimama mimi. Kati ya sentensi yangu nzuri na kile kipaza sauti nilichokipokonya zilipita dakika kumi hivi, na vijana wale wa makoleo walikuwa na nguvu. Udongo wa wale watano uligonga jeneza la mama yao. Wa mtoto wa kwanza uliangukia udongo.